Koti la Kaka Kabati

Mimi tamthilia za mizuka sizipendi, na wifi yangu anajua. Mzuka gani huo unaopakwa poda usoni, unapita ukutani, na bado viatu vyake vinasikika sakafuni? Lakini Jumapili alasiri huwa nakwenda kwake, tunakaa watatu kwenye kochi, yeye, mimi na binti yake wa miaka minane, na marudio ya tamthilia za wiki yanatukuta hapo. Tangu kaka yangu afariki, nyumba ile haina sauti nyingine.

Kaka yangu alikuwa karani wa ghala, na kwa upana wake mtaa mzima ulimwita Kabati. Wifi yangu ni fundi cherehani, tena ana ugonjwa mmoja: kitambaa hakikai bure machoni pake. Pazia likichanika linakuwa foronya, foronya ikichakaa inakuwa tambara la kufutia cherehani. Hivyo miezi miwili baada ya mazishi alilichukua koti la kazini la marehemu, akalifumua, akaugeuza upande wa ndani ukawa nje kwa kuwa ule wa nje ulishapauka, akalipunguza likamtosha mtoto. Vipande vilivyobaki akavitia kwenye gunia la viraka. Sote tulimsifu. Mimi ndiye niliyesifu kwa sauti kubwa kuliko wote, na hilo nalijutia.

Jumapili moja tamthilia ikaonyesha mzuka wa baba unaozunguka mtaani kutafuta koti lake. Unasukuma mlango, unapapasa nguo zilizotundikwa, ukikosa unakwenda nyumba ya pili. Mwisho ukafika nyumbani kwake mwenyewe, na kumbe koti lilishagawiwa watu. Ukapapasa misumari mitupu, ukatoka, ukampita mtoto wake aliyesimama pale pale mlangoni. Nikacheka, nikasema mzuka gani usiomjua mwanawe. Binti wa kaka yangu hakucheka. Alikuwa amelivaa lile koti. Aliitazama mikono yake, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, umeligeuza. Baba akija atapita tu."

Fundi alimwambia yale ni maigizo, watu wanalipwa. Mimi nikaongeza yangu, kwamba aliyekufa hafuati nguo. Maneno yetu yaliingia sikio hili yakatokea lile. Wiki nzima mtoto akitoka shule anakaa mlangoni, chakula kinapoa, anawatazama wapita njia mmoja mmoja.

Ijumaa wifi akapiga moyo konde, akamwaga gunia la viraka sebuleni, nami nikaitwa kufumua. Tulitafuta kipande kwa kipande, tukakirudisha upande wake wa zamani, yeye anaunga, mimi nafumua. Kipande cha mkono wa kushoto kilishakuwa kiraka kwenye suruali ya dereva mmoja ambaye hatukujua anaishi wapi. Koti likatoka na mkono mmoja mfupi. Lakini lilikuwa pana tena, na lilipotundikwa kwenye msumari karibu na mlango nilishikwa na uchungu, nikaenda jikoni kulia. Fundi hakulia. Alimwonyesha mtoto mishono, akamwambia mkono umepungua, ila mshono wa mama, baba anaujua. Siku hiyo mtoto alikula.

Tungeizima televisheni, mambo yangeishia hapo. Jumapili tukaketi tena kama wajinga, na mzuka ukalipata koti lake kwa jirani. Ukalivaa, ukafunga vifungo vyote, ukatabasamu, ukashika njia. Sauti ya msimulizi ikasema hautarudi tena, umeshapata ulichokuwa ukikitaka. Wifi alipapasa kochi akitafuta rimoti, akachelewa.

Nilipoinuka kuchukua mkoba wangu niondoke, msumari ulikuwa mtupu na mtoto hayupo kochini. Nikaenda chumbani. Mtoto alikuwa ameliinua godoro kwa bega, analisukumia koti chini yake. Nilitaka kumkaripia, maana nguo ile ilikuwa imetutoa jasho.

"Usimwambie baba, shangazi," akasema. "Akilipata ataondoka. Bora aendelee kulitafuta."

Wifi alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alimsogeza mtoto taratibu, akalishusha godoro juu ya koti, akatandika shuka, akazichomeka pembe zote nne.