Majina Katikati ya Kelele

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, ambaye kwetu tunamwita noko, alilisema hilo mbele ya ukoo mzima siku niliporudi kutoka Afrika Kusini: "Hii muji iko ya rumba. Bantu banataka kucheza! Weye unabaletea kelele ya mashini?" Wote wakacheka, hata mama.

Nilikuwa na diploma ya ufundi wa sauti, niliyoilipia kwa kuosha vyombo hotelini miaka minne. Nilikuwa na gitaa la umeme, vijana wawili wa kunipigia ngoma na besi, na nyimbo kumi na moja za roki kwa Kiswahili chetu. Nani mwingine Lubumbashi alikuwa nazo? Hakuna. Nasema wazi.

Ila gitaa la umeme bila vyombo ni ubao tu. Nikaazima. Shangazi, anayeuza samaki wakavu wa Pweto, alinipa jenereta. Mchomeleaji mmoja wa Kipushi alinipa spika zake mbili. Mwalimu wa kwaya ya parokia alinipa amplifaya. Wote watatu walitoa sharti moja: niwatupie libanga, yaani nitaje majina yao ndani ya wimbo, kama wanamuziki wote wanavyowataja waliowasaidia. Nikaitikia haraka, huku nikijiambia moyoni kwamba msomi wa roki hafanyi mambo hayo.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, uani kwa baa moja ya Katuba. Vijana waliruka mpaka vumbi likafunika kofia zao. Sijawahi kupiga gitaa vile! Mwenye baa akanipa onyesho lingine, Jumapili ya wiki iliyofuata, na pesa zote za kiingilio ziwe zangu.

Sikutaja jina hata moja.

Kesho yake asubuhi shangazi alifika na mkokoteni. "Nilivaa kitenge mupya," akasema. "Nikaleta bamama ba soko nzima. Tukasimama mbele, tukangoja jina. Jina iko wapi? Ulikula?" Akachukua jenereta. Kabla ya saa sita, spika na amplifaya vilikuwa vimechukuliwa na wenyewe pia. Noko akaja kuchungulia chumba kitupu. "Sasa piga na diploma," akasema.

Kama ningekosa Jumapili ile, maneno yake yangekuwa kweli mjini kote. Siku tatu nilikaa na gitaa bubu, nikikumbuka kitenge kile. Siku ya nne nikapata. Katikati ya wimbo wangu mkali kuliko yote, ngoma na besi zinanyamaza, uzi mmoja wa gitaa unabaki ukilia peke yake, jina linaitwa, kisha gitaa linalipuka kulijibu. Ni ubunifu wangu huo, nimeufanya mimi.

Nikaenda kwa shangazi, nikampigia bila umeme katikati ya magunia yake ya samaki.

"Rudilia," akasema. Nikarudia. "Pale kwa jina, tia nguvu." Kisha akafungua stoo, jenereta ikatoka. Mwalimu wa kwaya na mchomeleaji nao wakasikiliza, wakakubali.

Jumapili ikafika. Saa sita, baada ya misa, uani kwa baa hapakuwa na pa kuweka mguu. Nikaita jina la shangazi, gitaa likalipuka, na bamama wa soko wakapiga vigelegele kushinda spika! Nikamwita mchomeleaji. Nikamwita mwalimu wa kwaya, mtu mpole yule, akaruka na koti lake la misa.

Mara noko akapenya mpaka mbele. "Na miye?"

"Noko, uliniazima nini?"

"Maneno! Bila maneno yangu ungepiga hivi?"

Nikacheka mpaka vidole vikateleza. Nikanyamazisha ngoma mara ya nne, nikaita jina lake kwa pumzi yangu yote.

Kiingilio cha siku ile kilitosha kuninunulia vyombo vyangu mwenyewe. Sikungoja kesho. Tulimrudishia mchomeleaji spika zake pale pale uani, tukarudisha amplifaya parokiani, na jua lilikuwa bado kali tulipofika kwa shangazi na jenereta yake: noko akisukuma mkokoteni, mimi mbele na gitaa mgongoni, sidaiwi na mtu.