Neno la Kumfungulia Mbwa

Kufuga mbwa Kariakoo ni ujinga unaohitaji shahada. Nyumba zimebanana, na uani ni pa wapangaji wote. Lakini mdogo wangu alihamishiwa kazi mkoani, akaniachia mbwa wake, nami nikashindwa kusema hapana.

Huko uani kulikuwa na kuku wa bibi wa chumba cha mwisho. Ni mjane aliyezaliwa mtaa huohuo, wa ukoo uliotoka Uarabuni zamani. Huniita msomi, kwa sauti ambayo wengine husemea kichaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, msomi. Na huyo naye mpangaji?”

“Wa muda tu.”

“Kodi atalipa kwa kubweka? Sikiliza, mwanangu. Mate yake yasiguse ndoo zangu, na meno yake yasiguse kuku wangu. Akigusa mmoja tu, anaondoka.”

Hakuwa anatania, na mbwa hakuwa na kwingine pa kwenda.

Nikasoma kwenye simu namna ya kumfundisha. Hakuna fimbo. Unamshika kamba, kuku anapita, unasema “Tulia.” Akiondoa macho kwa kuku na kukutazama wewe, unamzawadia. Zawadi yangu ilikuwa dagaa wakavu wa sokoni. Ilishauriwa pia kuwe na neno la kumfungulia, ajue kwamba kazi imekwisha. Nikachagua “Haya.” Nikilitamka namrushia dagaa pale mchangani, naye anawakimbilia na kuwanyakua kabla kuku hawajawahi. Mbwa alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Basi alasiri moja nikamwita bibi aje ajionee. Nikafungua kamba, kwa majivuno. Kuku jike akapita na vifaranga wake karibu kabisa na pua ya mbwa.

“Tulia.”

Akatulia, macho kwangu.

“Loo!” bibi akasema. “Wanangu sikuwaweza hivyo.”

Nilikuwa bado nafurahia sifa hiyo simu yake ilipoita. Alikuwa dada yake. Wakaongea habari za mgonjwa fulani, vifaranga wakichakura mchangani, mbwa ametulia tuli. Kisha bibi akaaga kama sisi sote tunavyoaga:

“Haya. Haya, dada. Haya.”

Mbwa akachomoka. Alikimbilia palepale nilipomzoesha kukimbilia, na alipoinua kichwa, mdomoni hakuwa na dagaa.

Bibi alimtazama yule kifaranga mdomoni mwa mbwa. “Msomi,” akasema taratibu, “tulielewana.”

Akilini nilimwona mbwa wangu barabarani, anapigwa mawe. Nikakimbilia kumtetea. “Bibi, hajakaidi. Ametii. Wewe ndiye umemwambia haya.” Kisha nikamweleza yote, neno, dagaa, mchanga, kwa mpangilio mzuri kama niko darasani. Hakuna nilichodanganya.

Alisikiliza hadi mwisho, simu ameishika kifuani.

“Kwa hiyo nimemuua mimi.”

Hapo ndipo iliponipasa kusema hapana, bibi, nimemuua mimi niliyechagua neno ambalo mji mzima unalitumia kufungia mazungumzo. Nikasema, “Si kwa kukusudia.”

Mbwa akabaki. Bibi hakulitaja tena suala la kuondoka. Mwenye hatia hafukuzi mtu. Ila siku hizi simu ikiita anaingia chumbani na kufunga mlango. Wageni anawasindikiza hadi barazani ndipo awaage. Uani kwake mwenyewe, maneno anayameza.

Nami nimeanza mafunzo upya, kamba mkononi. Jana bibi alinikuta nikirusha dagaa ndani ya sahani, mbali na mchanga.

“Mwanangu,” akasema, bila msomi wala mzaha. “Safari hii umemwekea neno gani? Nisije nikalitamka.”

“Nadharia,” nikamwambia. Nilikuwa nimetafuta neno ambalo hakuna mtu anayelihitaji uani.

Akalirudia bila sauti, midomo ikicheza, ili alikariri. Kisha akaziba mdomo kwa ncha ya kanga na kumtazama mbwa kwa hofu, aone kama amesikia.