Uji Niliomsimamia Lemayani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Dumila, Mganga Mfawidhi, yaani mkubwa wa kituo, hakunipa sindano wala dawa. Alinipa mzani. "Sista, pima watu mpaka nikwambie basi." Nikapima wiki tatu, nimenuna. Nimetoka chuo cha uuguzi, kofia nyeupe kichwani, najiona nusu daktari, halafu kazi yangu kusoma kilo!

Baadaye nilihamishiwa Ruhembe, nikafunga vidonda vya wakata miwa, kisha Mikumi, nilikokaa muda mrefu kuliko kote. Asubuhi za Mikumi naziota mpaka leo. Ukungu umelala barabarani, malori yanapita taa zikiwaka, na vijana wa Kimaasai waliotoka lindo wanatokea humo mmoja mmoja, shuka nyekundu kwanza, mtu baadaye. Nilipewa chumba cha nasaha, mahali pa kuwasikiliza vijana wa jamii za wafugaji waliokuja mjini kutafuta maisha.

Lemayani alikuwa mmoja wao, mlinzi wa nyumba ya wageni. Ukame ulimaliza ng'ombe wa kwao, na mama yake na wadogo zake walimtegemea yeye. Aliingia, akainamisha kichwa nikiguse, kama wanavyowaamkia wakubwa. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi inazunguka yenyewe. Tukapima makohozi, tukapima damu, yote safi. Ila kila wiki kilo zinashuka.

"Akishuka tena, tunampa rufaa," alisema Mganga Mfawidhi wa pale, mtu wa maneno machache. "Na kwa hali hii, sista, sijui kama atarudi."

Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nikapika uji wa karanga, nikamkalisha Lemayani, nikamsimamia mikono kiunoni. "Kunywa! Sitoki hapa mpaka kikombe kikauke."

Akakitazama kile kikombe. Akakinusa kwa njaa, kisha akakisogeza kando. "Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Akasimama, akatoka. Wiki mbili hakuonekana. Kwenye faili lake niliandika neno moja, mkaidi.

Aliyenifungua macho ni Yeyo Nashipai, mama wa Kimaasai aliyeuza dawa za miti karibu na kituo cha mabasi. Alikuja mwenyewe, amekasirika.

"Sista, umemfanya nini mtoto wetu? Umemsimamia morani ale mbele yako, mwanamke aliyeolewa?"

"Nilikuwa namwokoa!"

"Umemwaibisha. Morani anakula na wa rika lake. Hali peke yake, wala hali mbele yetu sisi. Wengine wakifika mjini wanaacha. Yeye hajaacha, na hapa hana hata mmoja wa kula naye."

Jamani, niliona aibu! Masikio yalipata moto. Mwezi mzima nilikuwa napima damu ya mtu aliyekosa wenzake.

Nilipomweleza Mganga Mfawidhi, alivua miwani. "Sasa niandike dawa gani? Marafiki, kutwa mara tatu?"

"Andika hivyo hivyo, daktari."

Asubuhi ileile tulizunguka na Yeyo, vituo vya mafuta, maghala, nyumba za wageni, tukiuliza walinzi wa rika la Lemayani. Tukapata wanne. Hawakujuana, kila mmoja alikuwa na lindo lake na upweke wake. Lemayani tulimkuta amelala kwenye turubai nyuma ya nyumba ya wageni aliyoilinda, midomo imekauka. Wenzake wakamshika mkono hadi zahanati. Nikawapa stoo ya nyuma, nikaweka sufuria ya uji, nikafunga mlango, nikaondoka.

Nilifika kwenye korido tu. Nikasikia wanaongea Kimaasai, kisha mmoja akacheka, kisha wote. Nililia pale pale, uso ndani ya aproni yangu. Wakaja kila asubuhi, na mzani ukaanza kupanda.

Wanangu mnaoingia kazini leo, mna mashine za kila aina, na siwaonei wivu. Ila mtu akisema hawezi, msikimbilie kumwandika mkaidi. Muulizeni kwao wanaishije.

Nimestaafu, nipo Mabwerebwere na kuku wangu. Mchana mmoja mwaka jana mlango uligongwa. "Shikamoo mama." Mwanaume mnene, ana mke sasa. Nilimtambua alipoinamisha kichwa. Nikamtengea ugali na mlenda, nikanyanyuka kutoka nje, maana sikutaka kurudia kosa.

"Mama, kaa," alisema Lemayani. "Rika letu limeshafanyiwa sherehe. Tumetoka umorani, sasa sisi ni wazee. Nimekuja kula mbele yako."

Nikakaa. Akanawa, akamega tonge, akala ananitazama. Alipomaliza akasogeza sahani, akaomba nimwongeze.