Yai la Mwisho la Kishingo

Mtaani wanamwita Bi Tochi, kwa sababu kazi yake ni kutotolesha vifaranga kwa mashine, na hakuna yai linalokaa humo bila kumulikwa tochi mpaka likiri lina nini tumboni. Chumba chake cha nyuma kina joto la tanuri, na ulimi wake nao haujambo.

Mwaka jana wifi yake, dada wa mumewe, alimjia mbio na mayai sita kwenye kapu. Kicheche alikuwa amemla kuku wake kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, wa ukoo alioachiwa na marehemu mama yake. Hakubaki mwingine. Ukoo mzima ulikuwa ndani ya lile kapu.

Siku ya saba Bi Tochi aliyamulika. Matano viza. La sita lilionyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui, na katikati kidoa kinadundadunda.

"Huyo ndiye kuku?" wifi aliuliza.

"Huo ni moyo. Kuku anakuja nyuma yake."

"Mbona mdomo hana?"

"Kwani wewe ulianza na mdomo? Ingawa kwako nisingeshangaa."

Tangu hapo wifi akahamia, kila siku na kiti chake. Siku ya kumi na nne waliona kivuli kinajinyoosha. Ya kumi na nane yai lilijaa giza, ikabaki nafasi ndogo ya hewa upande ulio butu.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, ganda likatoboka tundu la punje ya mtama. Halafu kimya. Adhuhuri, kimya. Saa tisa wifi akachomoa kibanio cha nyusi kwenye pochi.

"Namsaidia kidogo tu."

"Thubutu!" Bi Tochi akaziba mashine kwa mgongo. "Damu yake bado imo kwenye utando wa ganda, na kiini hajamaliza kukivuta tumboni. Ukimbandua sasa atakufia mkononi."

"Na akifa kwa kuchoka?"

"Hajachoka, anajiandaa. Wewe siku ya harusi yako ulitusubirisha kutwa, nani alikuvunjia mlango?"

Wifi alicheka huku machozi yakimtoka. Bi Tochi hakubandua mgongo kwenye mashine. Zamani aliwahi kumvua kifaranga mmoja ganda kwa huruma, na alimzika siku ileile.

Saa kumi na moja ufa ukalizunguka ganda, likafunguka kama kopo. Kikatoka kitu kimelowa, kinatetemeka, shingo tupu.

"Mbaya huyo!" Bi Tochi akapiga vigelegele.

Malaika, yale manyoya laini ya utotoni, yakapisha manyoya ya kweli, kilemba kikawiva wekundu kichwani, na alipotimiza miezi sita mtetea huyo akataga, akaatamia mwenyewe. Siku ya kuangua, wifi alikaa kando amekalia mikono yake yote miwili. Jioni akapiga simu, anapiga kelele hata salamu hakuna:

"Wifi! Tisa! Na watano hawana kitu shingoni!"

"Basi anza kuwafumia skafu," Bi Tochi akamjibu, akakata simu ili alie kidogo peke yake.