Chungu cha Chumvi Nilichokisugua

Mimi uchafu siuwezi. Nalisema hili mapema ili anayenihukumu anihukumu akijua. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea hapa Ujiji kwa sheria moja: mgeni akipiga hodi asikute sufuria yenye masizi. Chakula kinaweza kuwa ugali wa muhogo na dagaa wa kuhesabu, hilo halina aibu, lakini sufuria ing'ae. Na si kwetu tu. Jumamosi asubuhi ukipita mtaani kwetu ulikuwa unasikia uani kila nyumba wanawake wanakwaruza sufuria kwa mchanga wa ziwani na majivu. Binti aliyeacha masizi chini ya sufuria alisemwa mpaka kwenye ngoma.

Sasa mtu wa namna hiyo wakamwajiri kwenye makumbusho.

Ni nyumba ndogo ya urithi wa mkoa, vyumba vitatu na ofisi. Mimi ni mhudumu. Nafagia, nafungua madirisha, nauza tiketi, na wanafunzi wakija nawatembeza. Chumba cha kwanza ni cha ziwa: kasia, nyavu, karabai la wavuvi wa dagaa. Cha pili ni cha reli: kengele ya stesheni, koleo la kutobolea tiketi, kofia ya mkuu wa stesheni iliyoliwa na nondo. Cha tatu ni cha machimbo ya chumvi ya Uvinza, na hicho ndicho kilikuwa kinatutia aibu. Kulikuwa na sururu, toroli bovu, magunia na picha za wachimbaji wamesimama kifua wazi. Wanafunzi walikuwa wanapita humo kama wanakimbia mvua. Mkuu wetu wa kituo, msomi aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya kati, alikuwa akilalamika kila siku kwamba chumba kizima kinasema chumvi ilichimbwa na wanaume tu. Akaniuliza kama kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuchemsha chumvi.

Nikacheka. Nikamwambia, mama mkubwa wangu ana chungu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, wa toka nitoke. Anaishi Mwanga, kule Kigoma mjini, kwa binti yake wa mwisho, lakini wao walizaliwa upande wa Uvinza, na mama yao, yaani bibi yangu, alikuwa akichemsha maji ya chumvi kwa chungu mpaka maji yaishe ibaki chumvi. Chungu chenyewe kilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, kimefungwa khanga. Kizito, cheusi tii nje, na ndani kina ukoko mweupe mgumu. Watoto wake walishakataa kabisa kisitoke. Walisema mambo ya serikali yakiingia ofisini hayarudi.

Nikaenda mwenyewe. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kunichukulia chungu changu, eeh? Nimeshasikia."

"Nitakitunza kama macho yangu, mama mkubwa."

Tangu mama yangu afariki, yeye ndiye mtu pekee duniani ninayemwita mama, na yeye anajua hivyo. "Macho yako yenyewe unavaa miwani," akasema. Kisha akaufungua ule mfundo wa khanga. "Chukua. Ila ujue, mama yetu alikifinyanga kwa mikono yake, na mimi nilichapwa kwa ajili ya chungu hiki. Nilichapwa siku hiyo!"

Hilo la kuchapwa tulikuwa tumelisikia tangu wadogo. Ukimuuliza kwa nini alichapwa, anasema "nilikichezea," basi. Wanawe walikuwa hawamwamini hata kidogo. Walisema bibi alikinunua sokoni kama watu wote, mama anapenda hadithi. Alikuwa anaudhika kweli kweli.

Mkuu wa kituo alikifurahia sana chungu. Akakiweka mezani katikati ya chumba cha tatu, akaandika kadi kwa mwandiko wake mzuri: Chungu cha kuchemshia chumvi. Mfinyanzi hajulikani. Nikamwambia anajulikana, ni bibi yangu. Akaniambia kwa upole kwamba maneno ya familia anayaheshimu, lakini kwenye kadi huandikwa kile chenye ushahidi. Mama mkubwa alipoletwa na bajaji kuja kukiangalia siku ile ya kwanza, nilimsomea kadi. Laiti nisingesoma.

"Hajulikani?" akasema. "Hajulikani na nani?"

Akaondoka bila kuaga. Kesho yake akanipigia simu kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata atakuja na wanawe, na kama kadi ile bado ipo, anachukua chungu chake anarudi nacho nyumbani. Na mimi, akasema, nisimwite tena. Nisimwite nini, hakusema, lakini nilielewa.

Wiki ile ile tukapata taarifa kuwa wageni kutoka makao makuu wanakuja kukagua Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi hiyo. Alhamisi mkuu akaenda Kigoma mjini kushughulikia chakula chao, akaniachia neno moja: "Hakikisha kila kitu kiko safi." Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Kila kitu.

Nikafagia. Nikafuta vioo. Nikaisugua kengele ya reli ikang'aa. Nikafika chumba cha tatu, nikasimama mbele ya kile chungu, nikakiona kwa macho ya mama yangu: wageni wa kutoka mbali wanaingia nyumbani, na katikati ya nyumba, juu ya meza, kuna chungu chenye masizi ya kina kidole. Chungu cha ukoo wetu! Watasema wanawake wa Kigoma hatujui kuosha vyombo.

Nikakibeba mpaka bombani.

Nilikisugua kwa mchanga, majivu na ndimu, na masizi yalipokuwa yanakataa nikatumia stilwaya. Nilikuwa naimba, nisidanganye. Maji meusi yalikuwa yanatiririka mpaka barabarani. Ule ukoko mweupe wa ndani nikauloweka kwa maji ya moto ukayeyuka wote. Chini ya mdomo wa chungu kulikuwa na gamba gumu, masizi yaliyogandana na chumvi iliyofurika miaka hiyo, nikalibandua kwa ncha ya kisu. Likatoka bonge zima. Na hapo ndipo nilipoacha kuimba. Kwenye udongo mwekundu, pale lilipobanduka, kulikuwa na vishimo vitatu.

Nimekimega! Nikavipapasa kwa kidole, viwili vikubwa kidogo na kimoja kidogo sana, vimepangana. Nikakiangalia kisu, nikakiangalia chungu. Nikakirudisha mezani nimekigeuza, vishimo vitazame ukutani, nikaketi kwenye toroli la machimbo.

Mkuu akarudi saa kumi. Aliingia chumba cha tatu akatoka, akaingia tena.

"Chungu kiko wapi?"

"Si hicho hapo."

"Hiki ni nini?"

"Nimekiosha, mkuu."

Sijawahi kumwona msomi akikaa chini sakafuni, lakini yeye alikaa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto aliyetumbukiza simu kwenye uji, kwamba yale masizi na ule ukoko ndivyo vilivyokuwa habari yenyewe. Wataalamu wangevipima wakajua kuni zipi zilitumika, chumvi ilitoka chemchemi ipi. Chungu kitupu kipo kila soko. Masizi ya bibi yangu yalikuwa pale tu. "Na sasa yako barabarani," akasema.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe, tena nikiimba. Nilimwonyesha na vile vishimo, nikamwambia nimekimega kwa kisu. Macho yalikuwa yamejaa machozi nikawa simwoni vizuri. Hakuvitazama hata. Alinyanyua mkono tu kuniambia inatosha, akaenda ofisini akafunga mlango.

Ijumaa wageni wakaja. Wakakaa kwenye chumba cha ziwa, wakaulizana karabai linawashwaje, wakapiga picha na kofia ya mkuu wa stesheni, wakaangalia saa, wakaenda kula migebuka wa ziwani. Chumba cha tatu hawakuingia. Hata mguu! Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Usiniulize nililalaje. Nilifikiria kwenda Mwanga asubuhi na mapema kumwambia mama mkubwa kwamba mkuu anaumwa, makumbusho yamefungwa. Nilifikiria kumwambia kimepelekwa kwa wataalamu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yule mama ana miaka themanini na ushee na masikio yake yanasikia panya akikanyaga unga. Nikavaa nguo nzuri, nikaenda kazini kumngoja.

Wakaja wanne, yeye, binti yake na wana wawili, kwenye bajaji mbili. Mkuu akatoka kuwasalimia, akaniangalia. Alikuwa ameniachia niseme mwenyewe.

"Mama mkubwa," nikasema pale pale mlangoni, "chungu nimekiharibu. Nimekisugua chote, na nimekimega. Nisamehe."

Wanawe wakaanza wote kwa pamoja. Si tulisema! Si tulisema! Mama mkubwa akanishika mkono, si kwa upendo, kwa kuegemea tu, akasema, "Nipeleke."

Tukaingia. Alisimama mbele ya meza. Akainama. Akapitisha kiganja kwenye tumbo la chungu, akakigeuza chini juu kama anayekagua kazi ya mkamwana.

"Umesugua na nini?"

"Mchanga na majivu. Na ndimu. Na stilwaya."

"Huku chini hukufika."

"Mama mkubwa..."

"Huku chini bado kuna masizi. Mama yako angekurudisha bombani." Kisha akakizungusha, akafika upande niliokuwa nimeuficha. Mkono wake ukasimama. Nikafumba macho.

Nilisikia kicheko. Siyo cha hasira. Alikuwa anacheka huku amejishika kiuno, anacheka mpaka binti yake akamkimbilia akidhani ana kifafa. "Hivi hapa!" akasema. "Hivi hapa! Mlisema mimi mwongo. Hivi hapa!"

Ndipo akasimulia yote, kwa mara ya kwanza. Mama yao alikuwa amemaliza kukifinyanga, akakiacha kivulini kikauke, akaenda kisimani. Yeye alikuwa mdogo, ameachiwa mdogo wake mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja hivi. Udongo ulikuwa bado laini. Akabonyeza kidole, akaona raha. Akabonyeza tena. Kisha akamteremsha yule mtoto mgongoni, akakishika kidole chake, akabonyeza na chake.

"Mama aliporudi alinichapa mimi," akasema. "Yule mwingine akanyonyeshwa."

Chungu kikachomwa hivyo hivyo na alama zake, kikaanza kazi, na masizi na chumvi vikazifukia kabla hata mama mkubwa hajaota meno ya pili. Alikuwa hajaziona tena tangu hapo. Hata yeye, alisema, miaka ya karibuni alishaanza kujiuliza kama wanawe wanasema kweli na yeye ameota tu.

Yule mtoto wa mgongoni alikuwa mama yangu.

Alhamdulillahi. Pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Alhamisi ikanitoka yote, nikalia bila haya, mbele ya sururu na magunia na wale wanaume wa kifua wazi kwenye picha. Mama yangu hakuwahi kupigwa picha mpaka alipoolewa. Sikuwa na kitu chake chochote cha utotoni, na nusura nikikose hiki kwa kukigeuzia ukutani.

"Acha kulia, utanilowanishia chungu," akasema mama mkubwa. "Na usikiguse tena."

Mkuu wa kituo alikuwa ameinama na miwani yake, pua karibu iguse udongo. Aliangalia vile vishimo muda mrefu. Akakiri kwamba udongo mkavu uliochomwa humegeka, haubonyei, na kwamba hivi vilibonyezwa kabla ya moto. Kuhusu masizi hajanisamehe mpaka leo, na ana haki. Stoo ameweka tangazo la herufi kubwa, HAKUNA KUOSHA KITU CHOCHOTE, na kila mtu anajua lilimlenga nani. Lakini siku ile alichomoa ile kadi, akaipasua, akachukua nyingine, akatoa kalamu mfukoni.

"Nitajie, bibi," akasema.

Mama mkubwa akamtajia jina la mama yake kama mfinyanzi. Akangoja mpaka herufi ya mwisho, ingawa hajui kusoma. Akataja la kwake. Kisha akaniangalia mimi, akataja la tatu.

Siku hizi wanafunzi hawakikimbii tena chumba cha chumvi. Nawapanga kuzunguka meza, nawasomea kadi, na kila mara kuna mmoja anayeuliza hao watu watatu ni akina nani. Wa kwanza ni bibi yangu, nawaambia. Wa pili yuko Mwanga, mzima, na ana maneno. Na wa tatu ni mama yangu, kidole chake hiki hapa.