Sijambo Kidogo ya Mzee Makali

Kabla hujamwona, ulimsikia. "Visuuu, mikasi, mapangaaa." Sauti ilikata kona kwanza, likafuata gurudumu, na nyuma ya gurudumu mzee mwenyewe, anasukuma. Akifika mlangoni kwako alilisimamisha dude lake lenye miguu ya mbao, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, na jiwe la kunolea likaanza kuimba. Cheche zilimrukia mikononi wala hakupepesa. Watoto waliotoka shule walisahau kwao ni wapi.

Hakurudisha kisu kabla ya kukijaribu. Kisu cha jikoni lazima kikate nyanya bila kukandamizwa. Kilicho bora zaidi alikipitisha kwenye mkono wake mwenyewe, vinyweleo vikaanguka. "Hiki kinanyoa," alisema, na mwenye kisu akakipokea kwa vidole viwili kama kinachouma.

Mtaa mzima ulimwita Makali. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa mkewe na kwenye faili la hospitali.

Jambo jingine ambalo kila mtu alilijua kuhusu Makali ni kwamba hakuwa na jambo. Ukimwuliza "Hujambo?" alijibu "Sijambo," kwa sauti ile ile, jua liwake mvua inyeshe. Siku panga la muuza nyama lilipomteleza likampasua kiganja, majirani walimkuta amekifunga kwa shati lake, na shati lote jekundu. "Hujambo, mzee?" "Sijambo. Ni mkono tu."

Sasa fikiria mguu mmoja unaokanyaga kanyagio maisha yote. Goti lake la kulia liliisha kama kisu kilichonolewa miaka mingi mpaka kikabaki kipini. Madaktari wakalitoa, wakamwekea goti la chuma. Makali alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia wateja kwamba sasa hata yeye ana kitu cha kunoa. Akarudi barabarani, gurudumu mbele, goti jipya nyuma, na mambo yakawa sawa mpaka asubuhi moja goti lilipoamka limevimba, la moto, na kovu linatoa maji.

Daktari wa mifupa alikuwa mama mrefu asiyepoteza maneno. "Vijidudu vimeingia, mzee," alisema. "Nyama ingepigana navyo. Chuma hakipigani. Vikishakishika vinajijengea utando juu yake."

"Kama kutu," akasema Makali.

"Kama kutu hasa."

Kutu alikuwa anaijua. Walimfungua tena, wakasugua, wakaosha, wakabadilisha kile kipande cha plastiki kinachokaa katikati, na chuma wakakiacha. Sasa kazi ilibaki kwa dawa ya mshipani, kila siku, wiki baada ya wiki. Ikishinda, goti ni lake. Ikishindwa, chuma kinatoka, na mguu unaweza kukauka moja kwa moja kama mpini wa ufagio.

"Na gurudumu langu?"

"Gurudumu utakuwa unaliangalia," daktari akasema, taratibu.

Hapo ndipo kisu kilipogonga mfupa. Makali alitazama ukuta. Kisha daktari akasema jambo ambalo mkewe, aliyekaa kando yake, hakulitegemea: kwamba dawa hizo atapewa nyumbani.

Mkewe alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Kwa alivyojua yeye, mgonjwa anayerudishwa nyumbani na dawa nyingi ni mgonjwa waliyemkatia tamaa. "Mtuambie ukweli, daktari. Tumefukuzwa?"

"Hapana, mama. Mnatangulia tu. Hospitali inakuja nyuma."

Na kweli ikaja. Ilikuja kwa pikipiki, ndani ya sanduku jeupe, pamoja na nesi mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Kila asubuhi aliegesha, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatandaza kitambaa safi mezani, na sebule ikageuka wodi. Dripu ilining'inia kwenye mti wake wa chuma karibu na dirisha. Dawa ilishuka tone kwa tone, ikaingia kwenye mrija mwembamba uliotokeza mkononi juu ya kiwiko, mrija ambao ncha yake ya ndani, nesi alieleza, ilikuwa imefika karibu na moyo. Binti yao wa mwisho, msusi wa nywele, aliposikia hivyo alikaa chini. Baadaye akawa ndiye anayepima joto, anayepiga picha kidonda na kuituma, anayemfukuza kila mgeni asiyenawa. Jioni daktari alitokea kwenye kioo cha simu, na Makali hakukubali simu ile ipokelewe kabla hajavaa kofia.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu: gurudumu. Makali alilitaka ndani, alione.

"Vumbi la chuma na mrija wangu havikai chumba kimoja," nesi akasema.

"Basi lioshwe."

"Unataka tuliogeshe gurudumu?"

"Mimi mwenyewe naogeshwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Lenyewe nani?"

Liliogeshwa uani kwa sabuni. Mkewe alilisugua huku akinung'unika kwamba hata siku ya harusi bwana harusi hakusuguliwa hivi. Jiwe likafungwa kwa kanga ya zamani, likaingizwa ndani. Na kijana wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali, alipokuja na kumkuta mgonjwa analitazama lile kanyagio kama mtu anayetazama sahani ya chakula, akacheka, akasema, "Zoezi nililokuletea nitalirudisha hospitali. Weka mguu hapo." Gurudumu likazunguka bila jiwe kugusa kitu. Goti lilikunjika kidogo, likakataa. Kesho yake likakunjika kidogo zaidi. Wodini nani angempa mgonjwa gurudumu?

Alasiri moja mkewe alikwenda kuhani msiba wa jirani. Binti alikuwa jikoni nesi alipopiga simu, kama alivyozoea kufanya baada ya mizunguko yake.

"Mzee anaendeleaje?"

Binti akachungulia. Baba yake amelala, blanketi mpaka kidevuni. "Baba, nesi anauliza unaendeleaje."

Akajibu bila kufumbua macho. "Mwambie sijambo kidogo."

"Anasema hajambo kidogo."

"Afadhali," nesi akasema, na alikuwa na haki ya kufurahi. Mgonjwa akisema hajambo kidogo, ndugu hushukuru. Maana yake jana alikuwa chini na leo amepanda ngazi moja. "Mwambie aendelee hivyo hivyo. Usisahau kumpima joto jioni."

Mama alirudi, akavua viatu, akanawa, akauliza habari za nyumbani. Binti akasema habari nzuri, nesi kapiga, baba kasema hajambo kidogo.

Mama alisimama na taulo mkononi. "Kasema nini?"

"Hajambo kidogo."

"Nani? Huyu wangu?"

"Sasa kuna mwingine, mama?"

"Mwanangu, siku aliyopasuka kiganja alikuwa hajambo. Siku tuliyomzika mama yake alikuwa hajambo. Hii kidogo ameitoa wapi?"

Maana kidogo ni neno la ngazi: kwa aliyeko chini ni kupanda, na kwa mtu aliyekaa juu maisha yote ni kuanguka. Mama alilivuta blanketi. Makali alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na paji la uso lilimwunguza kiganja.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nesi alipoondoka. Imekuja kama baridi tu."

"Kwa nini hukusema?"

Akamtazama mkewe, kisha akalitazama gurudumu. "Daktari alisema homa ikirudi huenda ni chuma. Chuma kikitoka..." Hakumaliza. Hakutaka kusema uongo, na ukweli aliuogopa, ndiyo maana akaweka kidogo katikati.

Mama alikuwa ameshashika simu. "Nesi, mwanangu, lile neno ulilopewa mchana lirudishe. Kwa huyu mzee, kidogo ni kubwa."

Nesi hakuuliza mara mbili. Kabla maji ya chai hayajachemka pikipiki ilinguruma nje, na nyuma yake gari la hospitali, na ndani ya gari daktari mrefu mwenyewe. Sebule ilijaa. Daktari alipiga goti mbele ya goti. Aliligusa, akalikunja, akalisikiliza kwa vidole.

"Goti ni baridi," akasema. "Kidonda kikavu." Kisha akanyanyua mkono wenye mrija, akatoa plasta, na pale mrija ulipoingilia ngozini palikuwa pamevimba, pekundu kama pilipili. "Mwizi huyu hapa. Vijidudu vimepita mlango wetu sisi. Toa mrija, nesi. Damu ya kupimwa kutoka mikono yote miwili, halafu dawa nyingine, mkono wa pili."

Mikono ya nesi ilikimbia. Alipomaliza, alikaa pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Nilisema afadhali," akasema. "Umeniponza, mzee."

"Nimejiponza mimi."

"Tungengoja mpaka kesho, vingesafiri na damu mpaka kwenye chuma," daktari akasema, akifunga mkoba wake. Akamgeukia mama. "Sisi tuna vipimo vingi. Hicho chako hatuna."

"Ni masikio tu," mama akajibu, "na miaka ya kumvumilia."

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imeshuka. Majibu ya maabara yalipofika yalisema hivyo hivyo: mchafuzi alikuwa kwenye mrija, na goti halikuguswa. Makali aliposikia alifunika uso kwa kofia kwa muda, na kila mtu akajifanya anatafuta kitu.

Nesi ndiye aliyebadilisha sheria. "Sijambo nimeipiga marufuku katika nyumba hii," alitangaza. "Nikija nitauliza, mzee, leo una makali gani? Unijibu kwa lugha ya kazi yako. Na ukidanganya, mkeo yupo."

Makali alifikiri. Kumbe alikuwa na maneno mengi sana ya kusemea maumivu. Hakuwahi kujua kwamba yanafaa kazi hiyo. "Leo," akasema, "mimi ni kisu cha kupakia siagi."

Nesi akaandika hivyo hivyo, na daktari jioni akasoma bila kutabasamu: "Siagi. Naona. Tumpumzishe." Baadaye kikaja kisu chenye pengo katikati, hiyo ni siku tumbo lilipokataa dawa. Kikaja kinachokwaruza, lakini kinakata. Siku aliyosema "Nyanya, bila kukandamiza," binti alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini, na wakanawa mikono bila kuambiwa.

Hao majirani walikuwa na shida yao. Visu vya mtaa mzima vilikuwa butu. Walirarua vitunguu, wakavunja mkate badala ya kuukata, na mnoaji mwingine alipojaribu kupita na mashine ya umeme, muuza nyama alimwambia apite salama, wao wanaye wa kwao, yuko matengenezo. Wakimtembelea mgonjwa hawakumletea pole tupu. Kila mmoja aliacha kisu chake kwenye beseni uani.

Siku dawa ya mshipani ilipokwisha, daktari alikuja mwenyewe. Alisoma majibu ya damu, akalikunja goti mpaka mwisho wake, akalinyoosha mpaka mwisho wake. "Vidonge bado unavyo, na mimi bado unaniona kliniki. Lakini chuma kinabaki, mzee. Goti ni lako."

Nesi akauvuta mrija taratibu, akabandika pamba. Makali aliutazama mkono wake usio na kamba kama mbuzi aliyefunguliwa. Kisha akainuka. Gurudumu lilikuwa limeshatolewa nje, liko uani, na mkewe ndiye aliyelifungua jiwe kanga yake. Mguu wa kulia ukapanda kwenye kanyagio, ukashuka, ukapanda. Jiwe likaimba. Cheche zikaruka, watu wakarudi nyuma wakicheka, na kitu cha kwanza kilichonolewa hakikutoka kwenye beseni. Ulikuwa mkasi wa nesi wa kukatia bandeji.

"Tangu siku ya kwanza naona unatafuna bandeji," akamwambia. "Nilinyamaza kwa heshima."

Siku hizi nesi ana wagonjwa wengine mtaani humo, wa nyonga, wa magoti, na sanduku lake jeupe huzunguka kila asubuhi. Juzi alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba moja ananawa mikono, sauti ikakata kona. "Visuuu, mikasi, mapangaaa." Gurudumu likaja, na mzee nyuma yake, anasukuma, mguu wa kulia sawa na wa kushoto.

"Mzee, leo una makali gani?"

Makali hakusimama. Alikuwa na wateja.

"Nanyoa," akasema, akapita.