Siku Mama Alipopanda Mnara wa Ribe

Nyie mliokulia Norsborg, kule Uswidi, enzi za simu za ukutani mtanielewa. Kiangazi kikifika, wenzetu wa darasani walikwenda Hispania. Sisi tulikwenda Ribe, mji mdogo wa Denmark ambako mama mdogo Stela alikuwa ameolewa na seremala aitwaye Henrik. Madaraja ya kuvuka bahari hayakuwapo bado. Treni iliingizwa nzima tumboni mwa feri, nasi tukapanda juu kula chapati baridi za mama huku upepo ukitupiga mashavu. Watoto wa leo wakikaa saa moja bila intaneti, utadhani wameuguliwa.

Mji ule ulinukia moshi wa samaki na nyasi mbichi. Vijia vyake vilikuwa vya mawe, nyumba za matofali mekundu zimelaliana, na milango mifupi hata baba mdogo Henrik aliinama kuingia kwake. Aliuringia mji kana kwamba aliujenga yeye.

"Huu ndio mkongwe kuliko yote Denmark," alituambia kila mwaka, kwa Kiswahili cha kuungaunga alichofundishwa na mkewe. "Waviking, mabaharia wetu wa kale, waliuza shanga hapa. Shanga! Kama bibi yenu Lushoto."

Alituonyesha korongo waliotaga juu ya paa, kisha akatupeleka kando ya mto kwenye nguzo ya mbao yenye alama za mafuriko ya kale. Alama ya juu kabisa ilimpita kichwa, naye alikuwa mrefu kama mlingoti. Mdogo wangu Neema aliikumbatia nguzo ile akagoma kuondoka.

Neema alikuwa na miaka mitano, na mwaka huo aligoma pia kusema Kiswahili. Mama akimwuliza jambo, anajibu Kiswidi. Mama hakumgombeza. "Jibu upendavyo," alisema, "mradi umesikia." Lakini usiku nilimsikia akimwambia mama mdogo kuwa mtoto anamponyoka.

Basi siku ya soko, uwanjani mbele ya kanisa kuu, mama aliuachia mkono wa Neema apate kuchagua jibini. Alipogeuka, hayupo. Baba mdogo alikimbilia stesheni, mama mdogo akaingia vichochoroni. Mama alisimama akautazama mnara wa kanisa.

"Nifuate," akaniambia.

Tulipanda ngazi zile nyembamba mama akihema, kanga begani, hadi tukatokea juu. Mji wote ulikuwa chini yetu, mapaa mekundu, mto, na mbuga tambarare zilizokwenda hadi baharini. Mama alizaliwa milimani, kwao watu huitana kutoka kilima hadi kilima. Akaweka mikono mdomoni.

"Neemaaa! Neema mwanangu weee!"

Korongo wakaruka. Uwanja mzima uliinua vichwa. Akaita tena, na safari hii sauti yake ilikatika mwishoni. Ndipo kutoka upande wa mtoni, nyembamba kama ya kifaranga, ikaja:

"Abeee, mama!"

Nikaliona gauni lake la njano kwenye ile nguzo, mkono mmoja unapunga.

"Kaa hapohapo, usisogee!" mama akapiga kelele, kisha akaketi sakafuni. Alikuwa analia na kucheka. "Umesikia? Amesema abee."

Nilishuka mbio kumchukua. Nilimkuta akimweleza mvuvi mmoja, kwa Kiswahili, kwamba mama yake yuko mbinguni anamwita.

Kiangazi kilichopita mimi na Neema tuliwapeleka watoto wetu Ribe, pamoja na mama. Siku hizi unavuka madarajani kwa gari bila hata kunusa bahari. Baba mdogo ametutoka, na magoti ya mama hayawezi tena ngazi, kwa hiyo tuliketi naye uwanjani tukila aiskrimu. Mara nikaona mwanangu hayupo. Nikatoa simu, nikaona kidoti chake kwenye ramani: yuko kwenye kibanda cha soseji. Nikarudisha simu mkobani.

"Umempata?" mama akauliza.

"Nimempata."

"Upesi hivyo? Bila kumwita?" Akaitazama mitaa, aiskrimu ikimchuruzika vidoleni. "Heri yenu, wanangu."

Ila hakuisema kama mtu anayetuonea wivu.